Eko ya Bei Nafuu

Mvua ilipotulia kidogo baada ya adhuhuri, Warfa alikifunika kinanda chake kwa karatasi ya nailoni, akakifunga juu ya mkokoteni wa punda, akakisindikiza kwa miguu kutoka mtaa wa Waberi hadi kibanda cha Musyoka, fundi wa redio. Ilikuwa Novemba ya mwaka wa tisini na saba, na mvua ya El Niño ilikuwa imeikata Garissa pande zote. Lori halikuingia wala halikutoka. Sukari ilikuwa imeadimika na mafuta ya taa yalipimwa kwa vikombe vya chai, lakini arusi zilikuwa palepale, maana wachumba hawangoji barabara.

Arusi iliyomtoa Warfa chumbani kwake ilikuwa ya Ayan, binti wa kaka yake Korane. Ayan alitaka eko. Alikuwa amesikia kanda zilizorekodiwa ng'ambo, ambamo sauti hutoka, huenda kutembea, kisha hurudi taratibu bila haraka ya mtu. Alimwambia baba yake mdogo waziwazi kwamba kinanda chake kinalia kama mtu anayegonga sufuria.

"Adeer, bila eko usije," alisema.

Warfa hakukasirika, kwa sababu msichana alikuwa amesema kweli. Garissa ni tambarare. Haina mlima, haina bonde, na ukipaza sauti huko inakwenda zake wala hairudi kukuambia ilikofika. Kwa mtu aliyepanga chumba kimoja, akachemsha chai ya mtu mmoja na kuosha kikombe kimoja, jambo hilo liliuma kuliko alivyopenda kukiri. Alikuwa mpweke, na kinanda kikavu, kisicho na eko, hakikumsaidia.

Musyoka alikuwa Mkamba wa Kitui aliyekuja Garissa kutengeneza redio moja na hakuondoka tena. Alipangusa meza, akaweka pedali tatu, vile visanduku vya eko vinavyounganishwa na kinanda, akaunganisha waya.

"Hizi ndizo zimebaki," alisema. "Nyingine zinakuja na lori."

"Lori gani?" Warfa aliuliza, na wote wawili wakacheka, ingawa si sana.

Pedali ya kwanza ilikuwa chuma kizito chenye springi ndani. Warfa alibonyeza sauti moja. Ikapanda, ikazunguka juu kwenye dari la mawe, na iliporudi ilirudi na benchi la mbao likilia na mtu akikohoa.

"Hilo ni kanisa," Musyoka alieleza. "La huko Ulaya. Wakati wowote ukiipiga, ni Jumapili."

"Kwa arusi ya Waislamu?"

"Ndiyo maana nimeshusha bei."

Hata baada ya kushushwa, bei ilitaka ngamia na mtoto wake. Pedali ya pili ilikuwa ya Kijapani, buluu, yenye taa ndogo nyekundu. Ndani yake mlikuwa na pango kubwa, safi, ambalo halijawahi kukanyagwa na mtu. Sauti ilirudi nzuri mno, na haikuwa ya mtu yeyote. Bei yake Warfa aliiuliza mara moja tu.

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, na jina la kiwanda lilikuwa limekwaruzwa.

"Na hii? Mbona unaficha nyuma? Ni mbovu?" Warfa aliuliza.

"Si mbovu. Taabu yake, haina chumba chake yenyewe. Inatumia chumba cha anayepiga, kile alichokiacha bila kuaga vizuri. Mimi niliijaribu ikanipa jikoni kwa mama, Kitui. Nikawasikia dada zangu wakinisengenya." Musyoka alikuna shingo. "Askari mmoja aliinunua kwa ajili ya gitaa lake. Kesho yake asubuhi alikuwa hapa mlangoni kuirudisha kabla sijafungua. Hakusema imempa chumba gani. Aliniomba tu nisimwuzie mwenzake. Kwa hiyo bei yake ni nafuu."

Watu wa pwani husema rahisi huvunja upishi. Ni methali nzuri kwa mwenye cha kupika. Warfa alikaa kwenye kibao akabonyeza.

Sauti iliondoka, ikagonga ukuta wa udongo uliopakwa chokaa, ikagonga na ule wa pili, na papo hapo akakijua. Kilikuwa chumba cha mama yake, Mandera, hatua chache kutoka mto Daua. Lakini sauti haikukoma pale ilipozoea kukoma. Mtu yeyote aliyewahi kuhama nyumba anajua kwamba chumba chenye vitu hunyamaza mapema, na chumba kitupu ndicho chenye kelele. Zulia halikuwepo. Magodoro ya ukutani hayakuwepo. Na chini, sauti ilipotafuta sakafu, iliteleza juu ya kitu kinachochezacheza. Yalikuwa maji.

"Warfa, hooyo, ni wewe?" mtu aliuliza mwishoni mwa sauti.

Mama yake, Ugbad, aliwaita wanawe hooyo, yaani mama, kama akina mama wa Kisomali wote wanavyowarudishia watoto jina hilo.

"Ni mimi, hooyo," Warfa alikijibu kinanda.

"Nimejua. Kidole chako cha mwisho hugusa kama kinaomba radhi."

Warfa aliinua mkono, na chumba kikafungika. Akabonyeza tena, kikafunguka. Ikawa wazi kwamba kuzungumza naye ni lazima aendelee kupiga, basi akapiga.

"Uko na nani?"

"Na nani tena? Majirani wamehamia mwinukoni. Maji yako kwenye miguu ya kitanda. Vitu vingine nimevipandisha juu, vingine vimefuata mto. Mwambie Korane."

Musyoka alikuwa ametazama kando kwa adabu, akikaza skrubu ambayo haikulegea.

"Unaichukua?" aliuliza.

"Nachukua," Warfa akasema.

Korane alimpokea ndugu yake kwenye baraza ya nyumba yake. Alikuwa mfanyabiashara wa miraa. Tangu barabara zilipokatika alikuwa akikodi ndege ndogo kuipeleka Mandera, na watu wa huko walimshukuru, kwa sababu unga ulikuwa umekwisha na ilibidi watafune kitu. Warfa alimweleza habari yote: pedali, chumba, maji. Korane alikoroga chai yake.

"Miguu ya kitanda kipi?" aliuliza. "Cha mbao au cha chuma?"

"Cha chuma."

"Basi ana muda. Cha chuma kiko juu."

"Uliniambia yuko kwa eddo Weris."

"Nilimwambia aende kwa shangazi, kisha nikamwambia abaki." Korane hakupandisha sauti. "Walaal, ndugu yangu, kiwanja kisicho na mtu kina wenyewe wengi. Mvua ikikatika utakuta mgeni amejenga, na ana mashahidi. Mama akiwa ndani, ni kwetu."

"Ndege yako hurudi tupu."

"Hurudi nyepesi. Rubani anapenda nyepesi."

"Basi nipeleke mimi nikamtoe."

"Na Ayan apigiwe na nani?" Korane akamsogezea kikombe. "Kunywa chai. Baada ya arusi tutaona."

Warfa alikipokea kikombe. Alikuwa mdogo wa Korane tangu kuzaliwa na hakuwa na ujuzi wa kazi nyingine. Alikunywa chai.

Siku zilizobaki alikaa Waberi, akaweka kinanda juu ya kitanda, na kila baada ya magharibi alipiga. Mama yake alimweleza maji yalipofika. Alimwuliza amekula nini, akamkataza kula mkate mkavu, akamfundisha namna ya kukunja shati lisijipinde. Warfa alichemsha chai ya watu wawili, kikombe cha pili akakinywa mwenyewe kwa niaba yake. Alikuwa na furaha kuliko miaka yote aliyokaa Garissa, na aliona haya kwa furaha hiyo, kwa sababu alijua inatoka wapi.

Siku ya arusi mvua ilitoa ruhusa. Turubai lilitandazwa nyuma ya nyumba ya Korane, wanawake wakakaa kwa duara na ngoma katikati, wanaume wakasimama karibu na nyama. Mwanamke mmoja hodari wa buraanbur, mashairi ya wanawake wa Kisomali, aliimba ubeti wa kumsifu bibi arusi, na Warfa akamfuata kwa kinanda. Sauti ilikwenda, ikatembea, ikarudi. Ayan, chini ya shela, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Hapo Warfa akafanya jambo moja ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alishika kitufe cha sauti cha pedali akakizungusha mpaka mwisho.

"Korane, hooyo," Ugbad alisema kutoka kwenye spika zote mbili, juu ya vichwa vya wageni. "Maji yamefika magotini. Njoo unitoe."

Hapakuwa na aliyeshtuka. Wengi pale walimfahamu, kuna waliokula kwake, na kila mmoja alielewa alichosikia. Wanaume wakamtazama Korane. Korane akatazama nyama. Warfa alibonyeza tena, na mama yake akasema tena maneno yaleyale, kwa pumzi ileile. Warfa aliamini kwamba sasa mtu atasema jambo.

Mzee mmoja wa heshima aliweka mfupa kwenye sinia, akafuta mikono.

"Mama yako sauti bado anayo, masha'Allah," alimwambia Korane.

"Alhamdulillahi," Korane alijibu. "Hajambo kabisa." Akaagiza sinia jingine.

Wanawake wana masikio mepesi kwa ubeti. Mara ya tatu Ugbad aliposema, mpiga ngoma alikuwa tayari amepata mahali pa kugonga, na mara ya nne duara zima lilimwitikia: *Maji yamefika magotini, njoo unitoe.* Walipiga makofi. Yule hodari alitunga ubeti wa pili papo hapo ili uingie vizuri kwenye kiitikio hicho. Warfa hakuweza kuacha kupiga, kwa kuwa kuacha kungekuwa kumfungia mama mlango katikati ya watu. Kijana aliyekodiwa kupiga picha za video alirekodi yote.

Kanda ilitoka kabla ya wiki kwisha. Kwenye vibanda vya sokoni ilichezwa tangu alfajiri. Kina mama waliiimba wakipanga foleni ya maji, madereva waliokwama waliiimba wakipiga karata chini ya malori yao, na watoto waligawana sauti, mmoja akiwa Ugbad na mwingine Korane. Watu walimsimamisha Warfa njiani kumpongeza, wakamwuliza pedali ile aliinunua wapi, kama bado zipo za bei hiyo. Alipomkumbusha Korane habari ya ndege, Korane alisema wangoje maji yapungue kwanza, kwani kumtoa mtu mzima kwenye maji mengi ni hatari. Watu wa Mandera nao walikuwa wameagiza ile kanda. Ndege iliyofuata ilipeleka miraa na katoni moja ya kanda, ikarudi nyepesi.

Jioni ya siku hiyo Warfa alifunga mlango, akakaa kitandani na kubonyeza. Chumba kilikuwa kimebadilika tena. Sauti haikwenda mbali siku hizi. Iligonga maji haraka na kurudi ikiwa fupi.

"Hooyo, uko?"

"Niko. Arusi ilikuwaje? Watu walishiba?"

"Walishiba. Chakula kilibaki."

"Alhamdulillahi. Ningeona aibu mjukuu wangu aolewe watu watoke na njaa." Maji yalisikika yakigusa mbao. "Na Korane alisemaje?"

Warfa alihamisha vidole kwenye sauti za chini.

"Anakusalimu," alisema.

"Ana shughuli nyingi, maskini. Mimi sasa nimepanda juu ya kabati. Kutoka huku juu nakusikia vizuri zaidi. Piga, hooyo, usiache."

Warfa alipiga.