Kinyongo cha Mzee Obadiah

Mzee Obadiah wa Ronge alikuwa mtu wa kugombana. Aligombana na nyani kwa ajili ya mahindi, na majirani kwa zamu ya maji ya mfereji, na Mchungaji Phineas kwa mahubiri yasiyokwisha, na binti yake Tryphena kwa chumvi ya mboga. Akishagombana hula akashiba, akalala fofofo. Kwa hiyo wiki ile alipokaa kimya, hata nyani akawa anawatazama tu bila kuwafukuza, Tryphena alijua kuna jambo, na jambo lenyewe ni yeye.

Lilianza hivi. Tryphena alikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya misheni, kitinda mimba, hajaolewa, na tangu mamake afariki aliishi na babake wawili tu katika nyumba ile ya mlimani. Basi akatokea Bi. Pargeter, Mwingereza aliyemfundisha ualimu zamani. Sasa alikuwa mkuu wa shule moja huko Addis Ababa, Uhabeshi, shule ya watoto wa mataifa: Wagiriki, Waarmenia, Wahindi na Wahabeshi wenyewe, wote darasa moja. Alitaka mwalimu Mwafrika wa kuwaanzisha watoto kusoma, na hakutaka mwingine ila Tryphena. Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, na msichana wa Kidawida, kabila la milima ile, kwenda kufundisha ng'ambo ilikuwa habari ya kuwatoa watu majikoni. Bi. Pargeter alikuwa akishuka Mombasa kumpokea dada yake. Ijumaa, treni yake ikisimama Voi akirudi, alitaka jibu.

Kosa la Tryphena lilikuwa furaha. Jumamosi ile aliposikia habari, babake hakuwepo. Alikuwa ameshuka Maungu kuwatazama mbuzi wake waliokuwa kwa rafiki yake Mulei. Tryphena akakutana na Mchungaji Phineas njiani, na habari ikamtoka. Akamwomba amwombee, basi. Lakini kumwambia Phineas jambo ni sawa na kulipigia kengele. Kesho yake Mzee Obadiah alitoka safarini moja kwa moja hadi kanisani, na vumbi la Maungu viatuni, akaketi mahali pake mbele pamoja na wazee wa kanisa. Mchungaji akamsimamisha Tryphena, akaitangaza Addis Ababa kutoka mimbarini. Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na mzee akaulizwa pale pale kama anamruhusu binti yake.

"Namruhusu," alisema. "Mungu asifiwe." Akaketi.

Sasa, Wadawida wana neno lao. Mtu wa damu yako, mzazi hasa, akikuwekea hasira moyoni, hasira ile itakufuata uendako, hata kama mwenyewe hataki udhurike. Utaugua, au kazi itakuharibikia mikononi. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira hutia maji kinywani, au pombe ya miwa, akayapuliza chini, akaitaja hasira yake bila kuificha, akaitupa, kisha akakutakia mema. Lakini Mzee Obadiah alikuwa ameyaacha hayo tangu abatizwe, na ndiye aliyewafanya wengine watengwe kanisani kwa kosa hilo hilo. Basi kinyongo kikamkaa kooni, hakimezeki wala hakitapiki.

Tryphena, pamoja na kusoma kwake, hakujua kama anayaamini mambo hayo au la. Alichojua ni kwamba hangeweza kumwacha baba mpole namna ile. Jumatatu alisahau chumvi kabisa, na mzee akala, akasema, "Mboga nzuri, mwalimu, asante." Upole ule ulimuuma kuliko matusi. Alikwenda kando ya nyumba akalia kidogo, na hapo ndipo alipoamua: kama moyo wa babake hautafunguka kabla ya Ijumaa, Bi. Pargeter atapata jibu la hapana, na Wagiriki watafundishwa na mtu mwingine.

Jumatano alikwenda kwa shangazi Loise, dada mkubwa wa Obadiah, mwanamke aliyeimba kwaya na hakumwogopa mtu. Shangazi alisikiliza huku akichambua maharagwe. Alisema ndugu yake ameokoka pombe lakini hajaokoka kiburi. Alisema pia kwamba maji ni ya Mungu, na kusema kweli ni kwa Mungu, na yeye hajaona mstari wa Biblia unaokataza vyote viwili kwa pamoja. Kisha akamfukuza aende akazungumze na babake, si na yeye.

Asubuhi iliyofuata Tryphena alimkuta mzee kwenye mfereji, akielekeza maji shambani kwa jembe, maana ilikuwa zamu yake.

"Baba, nataka unitasie."

Mzee alisimama. "Unataka niyarudie niliyoyatupa? Mimi, mzee wa kanisa?"

"Nataka uniambie kweli. Maji ni ya kulainisha koo tu. Kama huwezi, mimi siendi."

Mzee Obadiah akatazama njia ya juu, akatazama njia ya chini, kuhakikisha hakuna Mkristo anayepita. Akachota maji kwa kibuyu, akajaza kinywa, akayapuliza kwenye nyasi.

"Nimekasirika," alisema. "Habari ya mtoto wangu nimeisikia kanisani, kama habari ya mtoto wa jirani. Nimepigiwa makofi kwa jambo nisiloulizwa nyumbani. Namkasirikia Phineas. Nakukasirikia wewe. Namkasirikia hata mama yako, aliyekufa akaniachia siku hii niibebe peke yangu." Akapuliza tena. "Hayo nayatupa, yaende na maji. Mwanangu awe mzima. Alale vizuri huko aendako. Hao watoto wa Wagiriki wamheshimu, la sivyo nitakwenda mwenyewe."

Tryphena alicheka huku machozi yakimtoka. Alidhani yamekwisha, ila mzee akamnyooshea kibuyu.

"Na wewe. Mwenye moyo si mimi peke yangu."

Alitaka kusema yeye hana neno. Akatia maji kinywani kwa heshima tu, na alipoyapuliza akakuta neno lilikuwepo, tena kubwa.

"Nimekukasirikia, baba, kwa sababu hukuniomba nibaki. Hata mara moja."

Mzee aliegemea jembe lake. Maji ya zamu yake yalikuwa yakimwagikia shamba la jirani, naye hakuyajali.

"Ningekuomba, ungebaki?"

"Ningebaki."

"Nilijua," alisema Obadiah. "Ndiyo maana sikukuomba."

Tryphena akaketi kwenye ukingo wa mfereji, kwenye matope, na gauni lake la shule, akalia kwa sauti. Mzee akaketi kando yake, wala hakumwambia anyamaze.

Siku ya Ijumaa walishuka Voi pamoja. Tryphena alisimama chini ya dirisha la behewa, akamwambia Bi. Pargeter ndiyo, atakuja, huku babake amemshika mkono. Mzee hakuuachilia mkono ule mpaka treni ilipoondoka na kupotea machoni, ingawa safari ya binti yake ilikuwa imebakiza mwezi mzima.