Sanduku la Kumsikilizia Funza

Kitendawili, mjukuu wangu. Mgeni wangu anakula nyumba aliyolala, na mwenye nyumba hasikii meno yake. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nimekwenda Kibosho, wamenipa ndizi na maziwa ya mgando, nimeshiba. Ni funza ndani ya shina la mbuni, mti wa kahawa.

Meno hayo ndiyo Herieth, binti anayechunguza wadudu wa kahawa, aliyotaka kuyanasa sauti kwenye mashine yake ya kurekodi. Akamwendea mzee Ndelilio, seremala wa Soweto pale Moshi, amtengenezee sanduku lisilopenywa na sauti, la kulaza kipande cha mbuni chenye funza. Mzee akakubali hata binti hajamaliza maneno.

"Baba Julius," mkewe Elinipendo alimwambia jioni, "hiyo ni kazi ya masikio. Yako yanasikia? Nakuuliza tangu Pasaka."

"Chai imepoa," mzee akajibu.

Moyoni alijua. Miaka thelathini ya msumeno wa umeme ilikuwa imemla masikio, naye aliogopa siku watu watakaposema yule kiziwi muacheni apumzike, kazi pelekeni kwingine.

Akaunda sanduku ndani ya sanduku, katikati akashindilia maranda na vipande vya godoro. Herieth akasikiliza, akatikisa kichwa. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inaunguruma mle ndani kama iko kwake. Mzee akaongeza mbao. Bado. Akaongeza godoro. Bado.

"Ukiongeza tena, baba, tutalibeba na Fuso," Herieth akasema.

Mzee alikuwa ameegemea meza, na kiganja chake kikawa kinatekenywa. Kumbe ngurumo haikupitia hewani. Ilikuwa inapanda kwa miguu ya meza kama siafu! Akakata tyubu ya baiskeli vipande virefu, akalining'iniza sanduku la ndani, lisiguse ubao wowote.

Herieth akasikiliza, macho ameyafumba, muda mrefu. Kisha akavivua vipokea sauti vya masikioni, akamvalisha mzee.

"Kesho napanda nalo mlimani kwa wakulima, baba. Mbuni ambao kipande chake kitasikika kina funza, utang'olewa. Ila leo nimesikiliza mpaka masikio yangu siyaamini. Wewe unasikia funza peke yake, au na mashine ya kusaga imo?"

Elinipendo alikuwa amesimama mlangoni na birika.

Neno lenyewe lilikuwa rahisi, aseme "peke yake," na kazi ingekwisha kwa heshima. Lakini kama mashine imo, kesho kila shina litanguruma, na watu watang'oa mibuni mizima waliyoachiwa na baba zao. Mzee akavivua taratibu, akavipangusa kwa shati, akamgeukia mkewe.

"Masikio hayasikii, Mama Julius. Tangu kabla ya hiyo Pasaka. Weka birika chini, njoo umsikilize funza wewe."