Kimya Kabla ya Jina

Pikipiki iliposimama nje, Jumanne aliweka kikombe chini kabla ya kukimaliza, akachukua kandambili zake mkononi na kutokea mlango wa uani. Mize, binti yake, hakumuuliza. Ndivyo walivyoishi katika nyumba ile ya Ndagoni tangu binti akiwa mdogo: injini ikizimwa karibu na mlango wao, baba anaingia kwenye mihogo, na yeye anakwenda kuona ni nani.

"Hodi wenyewe!"

Sauti ya mwanamke, tena ya mtu wa bara. Mize aliacha kukuna nazi, akafuta mikono kwenye khanga na kutoka kibarazani. Mgeni alikuwa na begi mgongoni na vumbi mpaka kwenye kope. Nyuma yake Mudrik, kijana wa bodaboda, alikuwa bado juu ya pikipiki, mguu mmoja chini, akitazama ndani ya nyumba kupita bega la Mize.

"Karibu."

"Ahsante, mdogo wangu. Naitwa Tumaini, nimetoka Dar. Namtafuta binti anaitwa Mize. Njiani nimeambiwa baba yake ni mzee Jumanne."

 Tangu akiwa na miaka sita Mize alikuwa amefundishwa la kumjibu mtu asiyemjua, na jibu likamtoka lenyewe, kama dua. "Mize ameolewa Rufiji. Siku nyingi."

Mudrik alicheka. "Dada, Mize ndiye huyo uliyesimama naye. Labda ameolewa asubuhi, jioni ameshaachwa." Akawasha pikipiki. "Nitakurudia baadaye."

Waliingia ndani wakakaa mkekani. Tumaini hakukasirika kwa kudanganywa. Alisema anafanya kazi televisheni, akataja kituo, na Mize akainamisha uso. Mara mbili alikuwa amewaandikia kuomba kazi tangu amalize shahada yake ya mawasiliano ya umma, na mara mbili hawakumjibu.

"Kipindi chetu cha asubuhi, *Chai ya Kwanza*, kinatimiza miaka ishirini," Tumaini alisema. "Mimi nimepewa kazi ya kutengeneza historia yake. Na historia yenyewe inachekesha, nakwambia. Meza ya mwanzo ilikuwa ya kuazima kutoka kwa mama lishe wa nje. Chupa ya chai ilikuwa tupu. Watangazaji walikuwa wanakunywa hewa na kusema aah, tamu! Kulikuwa na bwana wa mazoezi ya viungo aliyewahi kuchanika suruali hewani, na nchi nzima ikamwona."

Mize alitabasamu kidogo.

"Lakini watu waliamka kwa ajili ya kitu kimoja. Kijiko cha Sukari. Unapiga simu, unasema lako, halafu mwisho unaulizwa: salamu zako ziende kwa nani? Mwaka wa pili kikaondolewa ghafla. Mkurugenzi wa zamani ananiambia muda haukutosha. Fundi mitambo anasema mdhamini alijitoa. Mtangazaji mwenyewe, siku hizi ameacha kazi, nilimfuata mpaka kwake Bagamoyo. Aliniambia neno moja tu, jina la kisiwa chenu hiki, Mafia. Kisha akalia." Tumaini alitoa simu yake. "Nikaanza kusikiliza kanda, moja baada ya nyingine. Nimeipata. Na nahitaji msaidizi, mtu wa pwani, msomi. Nikirudi na habari hii kamili, nafasi hiyo ni ya aliyenisaidia."

Mize aliitazama simu ile kana kwamba ingemng'ata. "Njiani umemuuliza nani?"

"Si wengi. Pale gatini, dukani kwa Abbas, na huyu kijana aliyenileta."

"Uliwauliza vipi?"

"Kwamba namtafuta Mize, ambaye baba yake aliwahi kupiga simu televisheni."

Mize alisimama akafunga mlango kwa komeo. "Huyo kijana ni mpwa wa Sadick," alisema.

"Sadick ndiye nani?"

Ndipo Mize alipomweleza, kwa sauti ya chini. Miaka hiyo baharini mlikuwa mnalia mabomu kila alfajiri. Watu walitupa chupa za baruti kwenye miamba, samaki wakaelea matumbo juu, na matumbawe yakabaki kifusi. Kila mtu alijua baruti inaletwa na nani, na hakuna aliyesema. Jumanne alisema. Alikwenda Kilindoni, akapiga simu kwenye kipindi kutoka dukani kwa Abbas, akaomba jina lake lisitajwe. Alieleza chupa zinaposhushwa na saa zinaposhushwa. Halafu mtangazaji akamuuliza alichomuuliza kila mtu, salamu ziende kwa nani, naye akajibu kama kila mtu alivyojibu. Akamtaja mwanawe na kijiji chake.

"Mize wa Ndagoni," Tumaini alisema polepole.

"Kulikuwa na Mize mmoja tu. Askari walikuja wakawachukua wawili, mmoja ni Sadick, akafungwa. Wiki ile ile mashua yetu ilichomwa pale pwani ilipovutwa. Baadaye tukakuta chupa mlangoni, ina utambi, haijawashwa. Mama akakimbilia kwao Jibondo, hakurudi tena. Na watu wakaanza kumcheka baba, maana kumcheka kulikuwa na usalama kuliko kumtetea. Wanamwita Jumanne Salamu. Mtu anajificha, halafu anatuma salamu!"

Alikuwa bado anasema pikipiki iliposikika tena. Ilikuja polepole. Ikasimama.

"Hodi hodi, watu wa nyumba hii."

Mize aliijua sauti. Alifikiria asifungue, kisha akafikiria mlango wenyewe ni wa mbao za mnazi na komeo lake limeoza. Akafungua.

"Shikamoo, mzee Sadick."

"Marahaba, binti yangu. Hamjambo?" Alikuwa amevaa kanzu safi na kofia, ndevu nyeupe, uso wa mtu anayetoka msikitini. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Mudrik alibaki nje. "Nimesikia mna mgeni wa televisheni. Nikasema si adabu asisalimiwe. Umekuja kwa potwe, wale papa wakubwa wa watalii, mama?"

"Ndiyo, amekuja kwa potwe," Mize alidakia.

"Potwe wako huko Kilindoni. Huku Ndagoni kuna mihogo tu." Alicheka peke yake. "Baba yupo?"

"Ametoka."

Sadick aliinama, akakigusa kikombe kilichokuwa kwenye mkeka kwa vile vidole vyake vitatu. Alikigusa kwa upole, kama mtu anayempima mtoto homa. "Ametoka sasa hivi. Chai bado ina vuguvugu." Akanyooka. "Mwambie nampa salamu. Mwambie na zake zilinifika." Kisha akamgeukia Tumaini. "Mudrik atakuja kukuchukua kabla ya magharibi. Barabara yetu si nzuri kwa mgeni gizani."

Walisubiri mpaka mlio wa pikipiki ulipokwisha kabisa. Tumaini alikuwa ameshika begi lake kifuani kwa mikono yote miwili. "Mimi nilidhani ni historia," alisema. "Vitu vilivyokwisha."

Jumanne alirudi kupitia uani, na majani ya mihogo kichwani na kandambili bado mkononi. Alikuwa mtu mrefu aliyezoea kujikunja. "Amesema nini?"

"Amekupa salamu, baba."

Jumanne aliketi kizingitini.

Tumaini alimwamkia, akamwomba radhi mara tatu kwa kuulizauliza njiani. Halafu, kwa kuwa alikuwa mkweli, alimwambia alichokuja nacho na alichokitaka. "Mzee wangu, sauti yako ninayo humu. Naomba tuirushe. Mtu anayejulikana na nchi nzima si rahisi kuguswa. Anayeguswa ni yule aliyenyamaziwa."

Mize aliyaamini maneno yale. Aliyataka yawe kweli. Alikuwa amesoma miaka mitatu kwa sababu aliamini kwamba jambo likisemwa wazi, kwa sauti ya kutosha, hofu inakosa pa kukaa.

 Jumanne alimtazama binti yake. "Unataka kuisikia?"

"Nataka, baba."

"Basi niahidi. Kitakachosikika hapa kisitoke nje ya ua huu nikiwa hai. Si sauti, si maneno yake. Si kwa televisheni, si kwa jirani yetu Somoe, si kwa mtu."

"Naahidi," Mize alisema, haraka, kama anayemeza dawa chungu.

"Na mimi nitafuata atakalosema Mize," Tumaini alisema, akaweka simu katikati ya mkeka.

Kwanza ukaja muziki wa kipindi, wa zumari na ngoma, wenye mikwaruzo. Kisha mtangazaji, kijana, mchangamfu: "*Chai ya Kwanza*, nani mwenzetu?" Na sauti ya mwanamume ambayo Mize hakuitambua mara moja, kwa kuwa ilikuwa haina woga. "Jina naomba lisitajwe, dada. Napiga toka Mafia." Alisema aliyoyasema, bila kukatisha, bila kusitasita, kama mtu anayehesabu samaki mbele ya tajiri. Nyuma yake kopo liligonga mzani, na mtu akakohoa.

"Pole sana, kaka yetu usiye na jina. Vyombo husika vimesikia. Haya, Kijiko cha Sukari: salamu zako ziende kwa nani?"

Kimya.

Mize alidhani simu imezimika. Aliinama kuitazama, akaona kanda bado inatembea. Kopo halikugonga. Mtu hakukohoa. Kulikuwa na pumzi tu, inaingia, inatoka, inaingia. Mtangazaji akasema, "Haloo, kaka?" Na kimya kikaendelea kidogo.

"Ziende kwa mwanangu Mize, yuko Ndagoni," sauti ikasema. "Mwambieni baba hajasahau."

Tumaini aliizima. Kuku alikuwa akipekua takataka uani.

"Baba," Mize alisema. "Ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba maneno yale yalimponyoka baba yake, kama chafya. "Ulijua."

"Ningekosaje kujua? Sadick hakuwa anakosa kipindi kile. Abbas alikuwa nyuma ya kaunta ananipungia mkono, kata, kata."

"Sasa kwa nini?"

Jumanne alitoa jani moja kichwani, akalikunja, akalikunjua. "Usiku wa kuamkia siku ile ulilia. Watoto wa Somoe walikuwa wametajwa na mjomba wao, wewe hujawahi kutajwa na mtu. Nikakuambia, kesho kaa mbele ya tivii kwa Somoe, utasikia jina lako. Basi ulikuwa umekaa pale tangu alfajiri. Hata uji ulikataa." Akalitupa lile jani. "Nilifikiri, nikirudi nitamwambia nini?"

Mize alikumbuka. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu kwamba anakumbuka: kitivii cha rangi mbili kilichotumia betri ya gari, Bi Somoe akijipiga paja, watoto wakikiwekea kioo mikono kana kwamba jina lake limeandikwa pale, naye akirukaruka mpaka khanga ikafunguka. Ilikuwa asubuhi ya furaha kuliko zote alizowahi kuziona. Mashua ilipochomwa aliiona furaha ile kuwa ni haramu, akaificha.

Tumaini alikuwa akifuta macho kwa kiganja. "Mzee, watu wakikisikia hiki kimya, hakuna atakayekucheka tena. Hakuna. Mize, wewe umesomea haya. Mwambie."

Na Mize alitaka kumwambia. Aliiona Ndagoni nzima mbele ya televisheni, vinywa wazi. Alijiona Dar, kwenye chumba chenye kanda, na kitambulisho shingoni. Alimwona baba yake akinyooka na kurudia urefu wake. Akamwona pia Sadick, akigusa kikombe.

Jumanne hakumsihi. Alikuwa akimtazama tu, kandambili bado mkononi.

"Ifute, dada," Mize alisema.

"Mize. Ile nafasi siwezi kukushikia. Bila habari hii nitawaambia nini?"

"Najua. Ifute."

Tumaini aliifuta mbele yao, akawaonyesha. Alisema kanda yenyewe atairudisha kabatini ilikokuwa, miongoni mwa mamia yasiyo na majina. Mudrik alipopiga honi, aliwashika mikono wote wawili, akaondoka bila kugeuka, na usiku ule Jumanne alilala kwenye mihogo.

Asubuhi ya sherehe ya miaka ishirini ya kipindi Mize alikwenda kutazama kwa Bi Somoe, ambaye siku hizi ana televisheni kubwa ya ukutani na umeme wa jua. Chumba kilijaa. Walionyesha meza ya kuazima na chupa tupu. Walimwonyesha bwana wa mazoezi, na watu wakacheka mpaka wakakohoa. Kisha sauti nzuri ikasema kwamba kipengele cha salamu, kilichopendwa sana, kilifutwa kwa sababu ya uhaba wa muda.

"Muda gani!" Bi Somoe alipaza sauti. "Salamu ziliuawa na Jumanne! Mtu yuko mafichoni, anaulizwa kidogo tu, anamtaja mtoto na kijiji! Angetaja na mlango tunaoingilia! Au siyo, we Mize?"

Chumba kilicheka. Mudrik alikuwa ameegemea mlangoni na ufunguo wa pikipiki kidoleni, na yeye peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama Mize, anangoja.

Maneno yalimfika Mize kwenye meno. Yalikuwa machache, mepesi, na yangetosha.

"Ndiyo, Bi Somoe," alisema. "Yalimponyoka tu."

Akanywa chai yake.