Masikio Nyuma ya Seva

Saa nne na robo asubuhi, kompyuta ya dirisha la tatu iliandika kwa mara ya arobaini: Muunganisho umekataliwa. Karani aliusoma ujumbe kwa sauti, kama anayesoma hukumu ya mtu mwingine, akaendelea kunoa kucha.

Ng'ambo ya kioo alisubiri mama mdogo wa fundi wa kompyuta, jicho la kushoto limefungwa bandeji. Kitanda chake cha upasuaji kilipaswa kuthibitishwa kwenye seva ya hospitali kabla ya saa sita. La sivyo angepewa mwingine, naye arudi mkiani mwa foleni ya miezi minane.

Fundi alikagua kebo, nzima. Namba ya mlango wa mtandao, sahihi. Seva yenyewe ilikuwa ikiunguruma chumba cha nyuma. Akaigeuza, akakuta imeota masikio mawili manene yenye vinyweleo. Yalikuwa ya mkurugenzi wa hospitali. Mwenyewe alikuwa akitembea bila masikio tangu mwaka juzi, na hakuna aliyegundua, maana hata alipokuwa nayo hakuyatumia.

Kosa lilikuwa mstari mmoja: seva iliagizwa isikilize anwani yake yenyewe tu. Ikijiita, inaitika. Akiita mwingine, inamkataa. Fundi aliufuta, akaandika isikilize wote, akaiwasha upya.

Masikio yakawa mekundu. Mkurugenzi akaingia na soksi tu miguuni.

"Nani ananipigia kelele za jicho?"

"Dirisha la tatu, mzee. Ombi la kitanda. Sekunde mbili tu litajibiwa."

"Dada fundi, tangu tuifunge hii hatujapokea lalamiko hata moja. Unataka kuniharibia ripoti?"

Akayafunika masikio ya seva kwa viganja. Dirisha la tatu likakataliwa tena. Fundi akamweleza habari za mama mdogo, taratibu, kisha akarudia karibu na kichwa chake, pale palipokuwa laini kama yai. Mkurugenzi akatabasamu kwa adabu. Karani akamletea kiti, halafu chai, akamnywesha kwa kijiko, mpaka saa sita ikapita. Ndipo karani, kwa kucha zilizonolewa vizuri, akaurudisha mstari ulivyokuwa.

Mama mdogo aliinuka kwenye benchi.

"Vipi mwanangu, bado hawajasikia?"

"Wamesikia, mama."

"Enhe?"

Fundi akamshika mkono, akamwonyesha ilipo ngazi ya kwanza ya kushukia nje.