Mikono ya Ignasi

Ignasi hakununua nguruwe kabla ya kumpapasa chini ya ulimi. Ndivyo walivyomfundisha kwao Mbinga: mnyama alazwe chini, kijiti kipitishwe mdomoni, ulimi uvutwe. Akikuta vivimbe vidogo kama punje za mchele, alijua nyama ile ina tegu, mnyoo bapa wa tumboni. Waliokuwa safi aliwachinjia wateja wake bondeni Msimbazi. Wenye punje aliwapata kwa bei ya kutupa, akawachoma na kuwala mwenyewe, mara nyingine nyama haijaiva vizuri. Ulikuwa uchu tu, maana mwaka ule wa uhaba hata nyama ya ng'ombe ilipangiwa foleni.

Alipanga chumba Kariakoo kwa Bi Sabaha, mwenyeji wa pwani aliyempa sharti moja: mambo ya nguruwe yaishie huko huko. Ignasi alilishika sharti lile kwa moyo wote. Sabuni ilikuwa imeadimika mjini, na kile kipande alichobahatika kukipata alikitunza kwa kuogea akitoka bondeni, kabla hajakanyaga kizingiti. Akitoka chooni alijimwagia maji mikononi, basi. Bi Sabaha alimsifu mbele ya wapangaji wote kwamba hajapata kuona mwanamume msafi kama yule.

Kila jioni Sitara, mjukuu wa miaka sita wa Bi Sabaha, alimletea Ignasi chungwa ammenyee. Ignasi hakuwa na mtoto, na saa ile ndiyo iliyokuwa furaha yake. Vile vipande vyeupe, bapa kama utepe, alivyokuwa akiviona chooni hakumwambia mtu. Kwenda zahanati aliona aibu.

Mwezi wa Rajabu Sitara alianguka uani, akakakamaa, povu likamtoka. Kabla wiki haijaisha alianguka mara mbili tena. Hospitalini daktari alipapasa kivimbe mkononi mwa mtoto, akakitoa, kikapimwa. Waliporudi nyumbani, mama wa Sitara, Sofia, aliwasimulia wapangaji uani huku akilia. Ni tegu wa nguruwe, watoto wa mnyoo huyo wamekaa mpaka ubongoni. Sitara hakula nyama, alikula mayai ya tegu, na mayai hutoka kwa mtu mwenye tegu asiyenawa vizuri akitoka chooni. Daktari alitaka nyumba nzima ipimwe choo.

Bi Sabaha alisikia nguruwe, mengine yote yakampita. Sofia alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, na huko hula watu wa kila namna. Basi akaambiwa amemlisha mtoto haramu. Aliapa, hakusikilizwa. Na habari ya kupimwa, Bi Sabaha alisema ni matusi. Anayemla nguruwe katika nyumba ile ni Ignasi peke yake, naye huoga kabla ya kuingia.

Ignasi alikuwa ameketi barazani, akisikia kila kitu. Maneno matatu tu yangetosha: mimi nina tegu. Akafikiria chumba chake, akafikiria zile sifa, akafikiria chungwa la jioni, akanyamaza. Mwoga yule, alinyamaza siku ya kwanza, na ya pili, na siku Awadhi, mume wa Sofia, alipotoka kazini bandarini na kutoa talaka kama mama yake, Bi Sabaha, alivyotaka.

Sofia aliondoka na sanduku la bati kwenda kupanda basi la Kilwa, kwao. Barazani alisimama.

"Kaka Ignasi," alisema, "niangalizie mwanangu. Wewe anakupenda."

Ignasi aliitikia kwa kichwa, akitazama sakafu.

Jioni ile Sitara alikuja na chungwa, macho mazito kwa dawa za kifafa. Ignasi aliikalia mikono yake, akamwambia ampelekee bibi. Mtoto hakuondoka.

"Bibi kasema nikuletee wewe. Kasema humu ndani mikono yako ndiyo safi."

Bi Sabaha alikuwa amesimama mlangoni akiwatazama, anatabasamu. Ignasi alilipokea chungwa, akachukua kisu.