Jicho Moja la Mjane

Ilikuwa siku ya kumi na mbili Kasoki yuko mkekani, na mtaa mzima wa Keshero ulikubaliana kwamba mjane huyu anajua kulia. Jicho lake la kushoto halikukauka asubuhi wala jioni. Hakuna aliyejiuliza mbona la pili limetulia tu, maana watu wa kilio huja kuhesabu machozi, si macho.

Ukweli alikuwa nao mwenyewe. Machozi ya mumewe Léopold aliyamaliza Léopold akiwa hai, kila aliporudi na lori kutoka Butembo na mkono wake mwepesi wa kupiga. Haya ya sasa yalikuja na mafua. Mafua yalipoa siku ya tano, yakarudi kwa hasira, na uso ukawa mzito upande mmoja. Lakini angesema nini? Bénédicte, dada mkubwa wa marehemu, alikwisha kutangaza siku ya mazishi kwamba mjane mwenye macho makavu anajua kilichomuua mumewe, na wa namna hiyo hurudishwa kwao, watoto akawaacha. Watoto walikuwa wawili. Basi Kasoki akalishukuru jicho lake, maumivu akayameza.

Jumatatu hiyo, Daktari Hilaire akapita kutoa pole akitoka kazini. Alimshika mkono, akamtazama usoni muda mrefu kuliko pole inavyohitaji, kisha akaketi hapo hapo mkekani. Akauliza taratibu kama mafua yalipoa yakarudi, kama makamasi ni ya njano na ya tundu moja, kama meno ya juu yanauma. Kila swali Kasoki alilijibu hapana, maana Bénédicte alikuwa akigawa chai, na birika lilizidi kusogea karibu.

Daktari akabonyeza chini ya jicho la kushoto. "Inakuuma hapa?"

"Hapana, docteur."

"Inama kidogo, mama, sawa vile unaokota kitu."

Akainama. Uso ukajaa kana kwamba unataka kupasuka, na ukelele ukamtoka bila ruhusa. Wanawake wakaudaka papo hapo, wakaita Léopold, Léopold, nyumba nzima ikalia, hata Bénédicte akaweka birika chini akalia naye.

Katika makelele hayo daktari akamwinamia sikioni. "Mama, hii ni sinusite, usaha imejaa ndani ya mifupa ya uso. Haina lazima ya radio, ile picha ya mifupa." Akatoa vidonge kwenye begi, akamfumbatisha, akamwonya kwamba jicho likivimba aje hospitali siku hiyo hiyo.

"Machozi itakauka lini?" Kasoki akauliza.

"Ukimeza muzuri, siku tatu."

Siku tatu ni Alhamisi. Kilio kingemalizwa Jumapili, na Jumapili hiyo ndiyo familia ingekaa kuamua watoto wabaki na nani. Kasoki aliogopa kuliko alivyowahi kumwogopa Léopold. Akavisukuma vidonge chini ya mkeka, akavikalia, akamgeuzia Bénédicte shavu la kushoto.