Mke wa Shamba la Chumvi

Mwaka wa themanini na nne, kikundi cha akina mama waimbao harusini Malindi kiliombwa kutayarisha mchezo wa kumkumbuka Badi, mtunzi wa taarabu aliyekuwa amefariki. Shekha, kiongozi wao, akasema nyimbo za Badi hata watoto wazijua, ila mkewe, Kaltuma, hakuna anayemtaja. Basi mchezo uwe wake.

Wakamwalika Kaltuma kwenye mazoezi, wakampa shikamoo na kiti cha mbele. Kache, aliyemwigiza, akaketi mkekani, akajifunika leso usoni, akalia hasa. Kisha akasema, "Nimekusamehe, mume wangu, kwa kuwa ulikuwa na kipaji."

Kaltuma akasimama. "Nani aliyewaambia nimesamehe? Na hicho kilio mmekitoa wapi?"

"Bibi, twataka watu wakuonee huruma," Shekha akajaribu kumtuliza.

"Siitaki! Mwaujua 'Shamba la Chumvi'?"

Wote waliujua. Ndio wimbo uliompa Badi jina: mkulima alima kila msimu, havuni kitu. Uliimbwa kila harusi, na wanawake wakicheka wakimtupia jicho Kaltuma, kwa kuwa hakuzaa.

"Alioa wa pili, hakuzaa. Akaoa wa tatu, hakuzaa. Mbona hakutunga wimbo wa jembe? Nami nimekaa harusini na dhahabu zangu, nyinyi mwaitikia! Wewe Shekha, sauti yako naijua hata kati ya watu mia. Leo mwaniliza jukwaani mpate kupigiwa makofi?"

Shekha uso ulimwaka. Kwanza alimkasirikia mama huyu kwa kumwaibisha mbele ya wenzake. Kisha akazikumbuka harusi zile, na hasira ikamgeukia mwenyewe, ikamfuata na Badi kaburini.

"Tufanyeje, bibi?"

"Msinilize. Niacheni na hasira zangu."

Siku ya mchezo ukumbi ulifurika, Kaltuma kiti cha mbele, wapigaji wa taarabu pembeni ya jukwaa. Kache alitokea amesimama wima, macho makavu, akauliza swali la jembe kwa sauti iliyofika barabarani. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakaguna. Abdillahi, nduguye Badi, akarukia jukwaani.

"Basi! Mwamtukana marehemu! Wapigaji, pigeni 'Shamba la Chumvi'!"

Wakapiga. Ilipofika zamu ya waitikiaji, Shekha akafumba mdomo, na wenzake wote wakafumba. Udi na fidla zikalia bila sauti ya mtu, zikarudia, zikarudia tena.

"Imbeni!" Abdillahi akafoka.

"Imba wewe," Shekha akamjibu.

Mpiga udi akaweka chombo chini, akatoka. Watu nao wakaanza kutoka, wakigombana.

Nje, Shekha akamkimbilia Kaltuma. "Bibi, umeridhika?"

"Miaka yote mliimba. Leo mmenyamaza mara moja, waniuliza kama nimeridhika?" Akashika njia ya kwake, hakugeuka.

Tangu hapo kikundi kiliukataa wimbo ule, kikakosa harusi nyingi. Vikundi vingine viliendelea kuuimba. Kaltuma hakuwahi kuwashukuru, wala Shekha hakumdai shukrani.